Nani unatoka naye leo?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Katika mwaka wako wa kwanza kazini, ni kitu gani kilikuchosha kuliko vyote, na ni kitu gani kilikufanya usiache?" Nimelisoma asubuhi nikitoka zamu ya usiku, nikaona siwezi kulipita.

Mimi ni muuguzi. Nina miaka 28, nipo wodi ya wanaume katika hospitali moja ya umma hapa Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa tatu tangu nimalize intani, yaani mafunzo ya kazini baada ya chuo, na kuajiriwa. Wagonjwa wengi huniita dokta kwa kuwa tu ni mwanaume. Huwa nawasahihisha: mimi ni nesi, na kazi hii naipenda kwa jina lake.

Watu wakisikia nesi amechoka, mawazo yao yanakwenda kwenye miguu. Miguu inauma kweli. Usiku tulikuwa wawili kwa wagonjwa zaidi ya 30, na mwenzangu akiitwa kusaidia wodi ya jirani nilibaki peke yangu. Huyu dripu imekwisha, yule kanula, kile kimrija cha mshipani, imetoka damu inachuruzika, mlangoni ndugu wa mgonjwa anagonga na muda wa kuona wagonjwa umeshapita. Lakini miguu ukiiweka juu ya mto inapona. Kilichonichosha mimi nilikuwa nakibeba kutoka wodini hadi Gongo la Mboto ninakoishi, kila siku, bila kumwambia mtu.

Mgonjwa wa kwanza kufa nikiwa naye peke yangu alikuwa mzee mwenye ugonjwa wa moyo. Miguu ilimvimba, kulala chali hawezi, usiku kucha anakaa ameegemea mito. Tulizoeana kwa siku nne. Alikuwa fundi cherehani, na siku ya kwanza tu aliniita karibu akashika kola ya sare yangu, akasema aliyeishona hakuwa na haraka ya kujifunza. Usiku wa nne, kama saa 10 alfajiri, akabadilika. Nikamwita daktari wa zamu, tukamkandamiza kifua kwa kupokezana, tukashindwa. Daktari akaandika muda kwenye faili, akaitwa mapokezi, akaenda. Nikamfumba macho. Nikamfunga taya kwa bandeji, nikanyoosha mikono, nikatoa kanula, nikaandika jina lake kwenye plasta. Adhana ya alfajiri ilianza nikiwa bado nafunga miguu. Kisha ikafika saa 12, na dawa za saa 12 hazimsubiri mtu, basi nikasogea kitanda kinachofuata nikasema, "Shikamoo mzee, umeamkaje?"

Binti yake alifika saa 1 na chupa ya uji. Aliniuliza aiweke wapi.

Nilimweleza, nikamkalisha, nikamtafutia maji. Nikakabidhi zamu. Kwenye ripoti mzee yule alichukua sentensi moja: kitanda cha 14, amefariki saa 10 na dakika 20, mwili umeshapelekwa. Nikapanda daladala. Mchana mama yangu akapiga simu kutoka Kilosa akauliza habari za kazi, nikamjibu, "Salama mama, kazi zinaenda."

Sikumwambia mtu yeyote. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Wakubwa kazini walikuwa na neno moja tu la kutuliwaza sisi wageni: "Utazoea." Na nikaanza kuzoea kweli, ila kwa namna mbaya. Baada ya miezi mitatu nilikuwa siwaiti tena watu kwa majina. Nilisema "kitanda cha 9 kadai dawa", "yule wa pembeni anasumbua". Nikawa nasikia mgonjwa akiita, namaliza kwanza kuandika, halafu namaliza kitu kingine, halafu ndiyo nanyanyuka. Nilikuwa nasinzia kwenye daladala napitishwa kituo, nazinduka nipo Pugu. Siku ya ofu nakaa kitandani toka asubuhi, simu mkononi, rafiki zangu wananiita mpirani, siendi. Nikajiona nimeingia kazi isiyo yangu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hali hiyo, kwa Kiingereza burnout, imeelezwa vizuri. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliiweka katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, na likasema wazi kwamba yenyewe si ugonjwa, ni hali inayotokana na kazi: msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Alama zake ni tatu, yaani kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuigeukia kwa uchungu, na kujiona hufai tena. Nilipoisoma ile ya pili, moyo kujitenga, nilikumbuka namba za vitanda. Sisi wodini hatuna jina moja la hali hii. Tunasema "nimechoka mpaka akili", au "moyo umeingia ganzi". Mimi hili la ganzi ndilo naliona la kweli zaidi, kwa sababu mwenye ganzi anaweza kuungua asijue.

Na mimi nusura nimuunguze mtu.

Ilikuwa Februari. Aliyewahi kulala mchana wa Februari kwenye chumba cha bati Dar es Salaam ananielewa. Nilitoka zamu ya usiku, nikafika nyumbani saa 3, nikapitiwa na usingizi kidogo, umeme ukakatika, feni ikasimama, na kufika saa 4 asubuhi nilikuwa macho, nimelowa jasho. Sikulala tena. Jioni nikarudi kazini. Alfajiri nilikuwa na wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja, mmoja ana kisukari na mwingine ana nimonia. Nilivuta insulini, dawa ya kushusha sukari, nikaenda, nikashika mkono wa mwenye nimonia. Nilikuwa nimeshafunua sindano. Yule baba akanitazama akasema, "Mwanangu, mimi sukari sina. Mwenye sukari ni yule pale."

Nilikuwa macho kwa saa 20. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid wa Australia walichapisha vipimo vyao vinavyoonyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka sawa na mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kushika usukani. Mimi nilikuwa nimeshapita hapo, na nilishika sindano. Ongeza kwamba kati ya saa 10 na 11 alfajiri ndipo joto la mwili linaposhuka kabisa na usingizi kubana kuliko saa zote. Siyasemi haya kujitetea. Nayasema kwa sababu kwa wiki nzima nilijiona mimi ndiye mwovu, na nikaandika barua ya kuacha kazi kwenye simu.

Sikuituma, na sababu ni mama mmoja, muuguzi mwenzetu. Wodi nzima tunamwita Mama. Amebakiza muda mfupi kustaafu. Asubuhi moja mzee wa kitanda cha dirishani aliniomba maji mara ya tatu, nikamjibu, "Subiri, kwani uko peke yako humu?" Mama alikuwa nyuma yangu, ndiyo kwanza ameingia zamu. Hakunigombeza. Alichukua kikombe, akamnywesha yule mzee mwenyewe, tukafanya ripoti kitanda kwa kitanda kama kawaida. Tulipomaliza, akamwomba mwenzake amshikie wodi dakika 10, akaniambia, "Baba, njoo huku."

Nyuma ya chumba cha dobi pana mwarobaini na benchi. Akaninunulia chai ya rangi na chapati kwa mama ntilie wa getini. Nikasubiri kusemwa. Akaniuliza tu, "Nani unatoka naye leo?"

Sikuelewa. Akasema, "Kila anayetoka humu anatoka na mtu. Mimi mwaka nilioanza nilikuwa natoka na watoto. Wewe unatoka na nani?" Nikaanza kusema kitanda cha 14, akaninyanyulia mkono: "Kitanda tumekiacha ndani. Mtu anaitwa nani?" Nikalitaja jina la yule fundi cherehani. Ilikuwa imepita miezi mitano. Nililia pale kwenye benchi, mwanaume mzima na sare yangu, na Mama akaendelea kukata chapati vipande vidogo vidogo bila kuniangalia. Nadhani aliniheshimu kwa kutoniangalia.

Nilipotulia akaniuliza swali la pili, na hili ndilo ambalo ningependa kila muuguzi mpya alisikie. "Ulikosea, au ulikosa?"

Yaani, kulikuwa na jambo ulilofanya vibaya, au kulikuwa na kitu hukuwa nacho? Kwa yule mzee, tulipolipitia jambo hatua kwa hatua, ilionekana nilikosa. Nilikosa mwenzangu, aliyekuwa wodi ya jirani. Nilikosa hata dakika tano za kusimama baada ya kifo. Moyo wake ulikuwa umeshachoka sana, na hilo halikuwa mikononi mwangu wala mwa daktari. Kwa insulini nilikosea. Sikumuuliza mgonjwa ataje majina yake yote, sikulinganisha na chati kitandani. Mama hakulipunguza hilo hata kidogo. Aliniambia nikalieleze kwa inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, siku ile ile, nikaenda, magoti yakitetemeka. Inchaji alinisikiliza, akaandika, na tangu hapo wagonjwa wenye majina yanayofanana hawalazwi vitanda vinavyofuatana, na sindano ya insulini haichomwi mpaka mgonjwa mwenyewe ajitaje jina, au ndugu yake amtaje. Kosa likapata mahali pa kwenda. Lilipokuwa kifuani kwangu lilikuwa halimsaidii mtu.

Nimeishi na maneno hayo mawili kwa zaidi ya miaka miwili sasa na bado naona kina chake. Mgeni wa kazi hawezi kuyatenganisha. Chuoni tulifundishwa kumhudumia mgonjwa mmoja kwa ukamilifu: unampima, unampangia huduma, unamgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, unakaa naye umsikilize. Unafika wodini una wagonjwa 15 wa kwako na mikono miwili. Muuguzi mtafiti wa Marekani, Marlene Kramer, tangu mwaka 1974 aliandika juu ya hali hii, akaiita mshtuko wa uhalisia. Kila kisichowezekana, mgeni anakihesabu kuwa kosa lake. Sikumgeuza mgonjwa kwa wakati, mimi mbaya. Sikupata muda wa kumweleza mke wake, mimi mbaya. Ukirundika ubaya wa namna hiyo miezi sita, lazima moyo utafute ganzi.

Kwa hiyo Mama alinipa kauntabuku. Nilichokosea tunakifanyia mazoezi pamoja. Nilichokosa naandika: tarehe, zamu, tulikuwa wangapi, kilichokosekana. Kila mwisho wa mwezi nampelekea inchaji, naye anakipandisha juu. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilitengemaa. Usiku bado mara nyingi tuko wawili. Lakini jambo moja lilibadilika kwa sababu ya maandishi hayo. Rosta yetu ilikuwa inampanga mtu zamu ya jioni na kesho yake asubuhi. Zamu ya jioni inaisha saa 2 usiku, ukikabidhi na kutoka ni saa 2:45, foleni ya Barabara ya Nyerere unafika saa 4 na kitu, unaoga, unakula, unalala saa 5:30. Asubuhi zamu inaanza saa 1:30, kwa hiyo lazima utoke nyumbani saa 11, uamke saa 10. Ni saa nne na nusu za usingizi, na hapo umelala fofofo hujaota hata ndoto. Niliziandika saa hizo zote kwenye karatasi, wenzangu wanaokaa Mbagala na Chanika wakaandika za kwao. Inchaji aliutoa mpangilio huo kwa wanaokaa mbali.

Kile kikao cha benchini tumekiita ripoti ya pili. Ya kwanza ni ya wagonjwa, ya pili ni ya kwetu. Dakika 10, hazizidi, maana tunaotoka tuna safari na wanaoingia wana kazi. Inafanyika hapo hapo hospitali, kati ya wauguzi wa wodi ile ile. Siri za mgonjwa hazipandi daladala na haziingii kwenye kundi la WhatsApp. Mtu akisema hana wa kutoka naye, anakunywa chai yake basi.

Kuna neno linaniuma na nitalisema. "Uuguzi ni wito." Mimi naliamini. Siku nilipomuona baba yule mwenye nimonia anatoka na begi lake, akanipungia mkono, nilijua niko mahali nilipoitwa. Lakini nimesikia neno hilo likitumika kumnyamazisha msichana wa miaka 23 aliyesema hajala toka asubuhi. Mtu akisema amechoka, anaambiwa wito. Akiomba mwenzake wa zamu, wito. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika kanuni zake za maadili zilizorekebishwa mwaka 2021, limeandika kwamba muuguzi anathamini utu wake, ustawi wake na afya yake mwenyewe. Hayo yapo kwenye maadili yetu pamoja na kutunza siri na kuheshimu mgonjwa. Anayepumzika hajakiuka wito wowote.

Yapo mengine yaliyonisaidia, nitayapitia kwa haraka. La kwanza ni mama mwenye nyumba wangu. Kwa miezi mingi majirani walidhani sina kazi, kijana analala mchana, na watoto wanacheza mpira ukutani kwangu. Nikaona haya kueleza. Mama wa wodini aliponisukuma nikaenda kumpelekea mama mwenye nyumba rosta yangu, na mpaka leo siku za usiku wangu yeye ndiye anayewahamishia watoto upande wa pili na kumwambia muuza samaki asipige kelele dirishani. Nimetundika vitenge viwili vizito dirishani, naoga maji ya baridi kabla ya kulala, na kahawa siinywi baada ya saa 8 usiku, kwa sababu baada ya saa tano au sita nusu yake bado imo mwilini.

La pili ni fedha. Ukiajiriwa ukoo mzima unapata habari. Huku Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, huku ada ya mdogo wako, huku msiba. Nikaanza kushika zamu kwenye zahanati moja ya binafsi siku zangu za ofu. Nilifanya miezi miwili. Ile Februari ya insulini ilikuwa ndani ya miezi hiyo, na sitaki kuificha. Niliacha, nikawapigia nyumbani nikawaambia kiasi ninachoweza kutuma kila mwezi na kwamba hakitaongezeka mwaka huo. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hukusema mapema."

Naswali, na sala inanituliza. Ila ningependa wenzangu wanaomwambia mtu "omba tu" wajue kwamba Mungu alimpitisha Mama kwenye ile wodi pia.

Na kuna hali ambayo chai na benchi haziitoshi. Mwenzetu mmoja alifikia wiki nyingi hapati usingizi hata akiwa likizo, chakula hali, hakuna kinachomfurahisha, akaanza kusema bora asingekuwepo. Hiyo tena si uchovu wa kazi, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Sisi wauguzi ni wagumu sana kwenda kliniki ya afya ya akili kwa kuogopa kuonwa na wenzetu foleni. Yeye alikwenda hospitali nyingine kabisa, tukamshikia zamu zake, na Mama alimsindikiza mara mbili za mwanzo. Yuko kazini leo. Nawe unayesoma hapa, kama umefika hapo, usisubiri likizo. Mwambie mtu leo, hata kwa kumshika mkono tu umwambie akupeleke.

Wiki iliyopita tumepokea dada mgeni, ametoka intani juzi. Usiku wake wa pili alifiwa na mgonjwa, kijana wa bodaboda. Asubuhi nikampeleka benchini, nikamnunulia chai, nikamuuliza, "Nani unatoka naye leo?" Akasema, "Hakuna kaka, mimi niko sawa." Sikumsukuma. Kesho yake tukanywa chai tena, tukaongea habari za nauli. Jana, siku ya tatu, alikaa ameshika kikombe mpaka chai ikapoa kabisa, halafu akalitaja jina la yule kijana, na jina la mama yake, na kwamba alikuwa bado anauliza pikipiki imewekwa wapi. Dakika 10 zilipita. Tukaendelea kukaa.